Bibi Perusi na Unga wa Meza ya Bwana

Wametusimulia waliotutangulia katika imani, Mola awarehemu, kwamba mwaka wa nzige palikuwa na usharika mdogo huko milimani, watu kumi na watatu tu pamoja na watoto. Mzee wao wa kanisa, Mzee Yoeli, alikuwa na desturi yake. Kabla ya wimbo wa kwanza aliita majina yote, na kila mtu akaitika, "Nipo." Asiyekuwepo aliitikiwa na mwenzake: "Anaumwa," au "Amesafiri." Jina lisipopata wa kuliitikia, ibada haikuanza.

Miongoni mwao alikuwemo Bibi Perusi, mfinyanzi, mjane asiye na mtoto wala ndugu. Siku sita alishinda akisema na vyungu vyake. Jumapili aliitwa kwa jina, naye aliitika kwa sauti kubwa hata watoto wakacheka. Furaha yake ya juma zima ilikuwa hiyo.

Basi mwezi ule ilikuwa zamu yake kutunza unga wa ngano wa mkate wa Meza ya Bwana, kibaba kimoja kilichopatikana kwa shida. Njaa ya mwaka ule, ndugu zangu, acheni tu! Siku ya tatu bila kutia kitu kinywani, Perusi aliukoroga unga ule uji, akaunywa, akalamba hata mwiko. Kisha akalia sana.

Jumapili kengele ikagongwa, naye hakwenda. "Nitakwenda na uso gani? Watanifuta katika majina," alijiambia. Kanisa lilikuwa mlimani, juu kidogo ya nyumba yake, akakaa nyuma ya mlango kusikia wimbo ukianza bila yeye. Akangoja weee, wimbo hauanzi. Mara akasikia nyayo nyingi zikiteremka.

"Hodi, Bibi Perusi! U mzima?" Ilikuwa sauti ya Mzee Yoeli.

Akafungua. Wote kumi na wawili walikuwa uani, hata Mama Keziya mwenye mguu mbovu, amebebwa mgongoni.

"Ashukuriwe Mungu, yu hai!" Keziya akapaza sauti. "Sisi tulidhani tunakuja kuzika! Na unga je, mwenzangu? Naona chombo chake ki tupu. Panya, sivyo? Kwangu wamemaliza hata mbegu."

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani. Angesema ndiyo, mambo yangekwisha. Lakini Perusi aliona kwamba akidanganya, hataweza tena kuitika jina lake kwa moyo mweupe.

"Si panya," akasema. "Ni mimi. Siku ya tatu sijala, nikaupika uji nikaunywa. Nifuteni tu."

Mzee Yoeli akainama, machozi yakimlengalenga. "Siku tatu, nasi tunapita mlangoni pako kila asubuhi! Tusamehe, Bibi. Unga tutatafuta mwingine. Perusi mwingine tutamtoa wapi?"

"Na wewe nawe, si ungesema!" Keziya akamgombeza, huku akimfungulia viazi viwili kutoka pembe ya kanga yake. Perusi akacheka na kulia kwa pamoja, mzigo umemshuka.

Mzee akaita majina palepale, kati ya vyungu vibichi. Alipofika kwa Perusi, bibi wa watu alijifuta machozi kwanza. Wakamngoja.

"Nipo," akasema. Ndipo wimbo ukaanza.

Ndugu yangu, Jumapili ijayo, kabla hujafungua kitabu chako cha nyimbo, tazama nafasi iliyo tupu kando yako, ujiulize ni ya nani.