Nyimbo Kumi na Moja za Loisi

Mbacha ni mkeka uliochakaa, umelika kingo na kutoboka katikati, lakini ndio unaokulaza kila siku. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, nao ukipita mikononi mwa mwenyewe huvuta macho. Wahenga walituonya tusiuache ule kwa ajili ya huu, kwa sababu anayepita na msala anakwenda nao kwake. Hayo ndiyo yaliyomkuta Zahir wa Nzuguni, mjini Dodoma.

Zahir alikuwa na lebo ndogo ya muziki iliyoitwa Uwele. Aliianzisha katika chumba cha uani, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba yake, akiwa na kompyuta moja na kipaza sauti kimoja. Wasanii wa mjini walimcheka. Waliomwamini ni mtu na mkewe, wakulima wa mpunga kutoka Bahi: Romani, mpiga zeze, na Loisi, aliyetikisa kayamba na kuitikia. Kila baada ya mavuno walikuja kwa basi, zeze limeviringishwa kwenye kanga kama mtoto mchanga.

Loisi ndiye aliyegundua kwamba sauti zilikuwa zinajirudia mle chumbani. Alipita kwa wauza chipsi akiomba trei tupu za mayai, akazibandika ukutani moja moja kwa gundi ya unga, msimu huu na msimu uliofuata, mpaka chumba kikatulia. Hakuna aliyemtuma, wala hakuwahi kulitaja jambo hilo.

Nyimbo za Romani zilishika. Zilipigwa harusini na vilabuni kutoka Bahi hadi Kondoa, na jina la Uwele likajulikana. Mwaka wa sita Zahir alimwomba Loisi aimbe yeye mwenyewe. Loisi alificha uso kwa kanga akacheka, akasema kwa uzee huu autoe wapi uso wa kuimba. Romani alimsihi. Basi akaimba nyimbo kumi na moja kwa siku tatu, kwa sauti nyembamba iliyotulia kama maji ya mtungini. Zahir akaahidi kuzitoa kabla ya mvua.

Kabla ya mvua akaja Deusdedit. Alikuwa kijana mtanashati, mwenye sauti tamu na mashabiki tele mtandaoni, na Zahir alipomwona alisahau kila kitu. Trei za mayai zilibanduliwa, sifongo nyeusi ikawekwa mahali pake. Nyimbo za Loisi zikasogezwa mwezi mmoja, kisha mwingine. Romani alipopiga simu kuuliza, aliambiwa avute subira. Baadaye simu zake hazikupokelewa kabisa.

Siku ya kuhariri video ya Deusdedit, kompyuta ilijaa. Zahir akaanza kutafuta cha kufuta. Rozmin, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Usiguse kazi ya wale wazee wa Bahi," alimwambia. "Huna nakala nyingine. Subiri tununue diski."

"Rozmin, wale ni wakulima, watakwenda wapi? Nikiitaka nitawaita waimbe tena."

Akaifuta. Haikuchukua hata dakika moja.

Deusdedit aling'aa kwa miezi minne. Mkataba wake ulipokwisha, lebo kubwa ya Dar es Salaam ikamchukua, naye akaaga kwa ujumbe mfupi wa simu: "Asante kwa yote, kaka." Vijana waliokuja kwa ajili yake wakamfuata kama vifaranga. Chumba cha uani kikabaki na vumbi. Mwishowe mwandaaji wa tamasha moja la muziki wa asili akamwambia Zahir kwamba yuko tayari kuipokea Uwele, mradi amlete yule mzee wa zeze. Hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya lebo yake. Kesho yake asubuhi Zahir akapanda basi la Bahi.

Angelina, binti wa Romani, alimpokea kwa kigoda na maji ya kunawa. Romani akatoka ndani, amekonda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, lakini umekuja."

Alimweleza bila kulaumu kwamba Loisi alifariki mwezi wa tatu, kwa homa ya siku nne. Siku ya msiba alimpigia Zahir simu mara nane, akitaka zile nyimbo wapigiwe waombolezaji. Alijua tu kwamba Zahir ana kazi nyingi. Zahir alitoa pole. La tamasha hakuthubutu kulitaja.

"Tangu siku ile sijagusa zeze," Romani alisema. "Wajukuu wakimlilia, nawaambia bibi yenu yuko Dodoma, kwa Zahir. Njia ikikauka tutakwenda kumsikiliza. Sasa umemleta mwenyewe. Nipe nisikie, halafu nitakupigia popote utakapo, hata bure."

Watoto walikuwa wamekwisha kaa chini, wamekunja miguu, wakimtazama mgeni mfukoni. Zahir angeweza kudanganya. Alishindwa.

"Nilizifuta, mzee."

"Zote?"

"Zote. Nilidhani nitawaita mwimbe tena."

Romani alitazama majaruba ya mpunga yaliyokauka. Kisha akawaambia wajukuu wakacheze.

"Basi hayuko," alisema, kama mtu anayesema peke yake.

Zahir alipiga magoti akaomba radhi. Mzee alimshika mkono akamwinua, akamwambia amemsamehe, ila zeze hataweza. Mkono hauna tena wa kumpigia. Akamwagiza Angelina amfungie mgeni mchele wa kwenda nao, kwa maana mtu haondoki Bahi mikono mitupu. Angelina aliufunga, machozi yakimdondokea juu ya fundo. Zahir angependa zaidi wampige.

Tamasha lilifanyika bila Uwele. Mwaka haukwisha, kompyuta ikauzwa na chumba kikafungwa. Siku nyingine Rozmin alimkuta mumewe ameegemea mlango ule uliofungwa, ametega sikio, na ndani hamna kitu. Hakuwa na Deusdedit, wala Romani, wala ile sauti ambayo hakuna diski duniani itakayoirudisha. Akajua, maji yakiwa yamekwisha mwagika, kwamba usiache mbachao kwa msala upitao.