Nani Amvishe Nakundwa Koti

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kule Usangi milimani, alikuwepo binti aitwaye Nakundwa aliyetaka kuwa daktari. Alama alikuwa nazo. Lakini chuo alichokiomba kilitaka kila mwombaji aandike, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini anataka kutibu watu.

Akaandika kwamba tangu utotoni anapenda kusaidia jamii. Akampelekea Mwalimu Kiondo, aliyemfundisha baiolojia. Mwalimu akasoma, akamrudishia. "Aliyeandika haya simjui," akasema. Nakundwa akaandika tena, safari hii juu ya heshima ya udaktari. Mwalimu akasoma, akamrudishia. Akaandika tena, akaomba asahihishiwe walau sentensi moja. Mwalimu akakataa. Akamwuliza tu ni siku gani hasa alipotamani kuwa daktari. Nakundwa akainama akalia, kwa kuwa siku hiyo aliijua, ila hakuwa na ruhusa ya kuisema.

Mdogo wake, Sifueli, alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu, na nyumbani ilikuwa siri. Kaka yao, Mbonea, alikufa kwa ugonjwa huohuo. Ingawa mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili, ndugu wa baba walisema mama ndiye aliyeleta damu mbaya. Tangu hapo mama akafunga mdomo.

Nakundwa akamwendea Sifueli. Akamkumbusha masika yale barabara ilipokatika wasiweze kufika hospitali, maumivu yakamshika miguuni, naye dada mtu akawa anamkanda kwa maji ya moto huku akimwambia yatapungua, yatapungua, wala hajui kama yatapungua. Akamwomba ruhusa ya kuiandika siku hiyo. Hata rafiki zake Sifueli hawakujua kwamba anaumwa.

"Nilijua kwamba hujui, dada," akasema. "Nikakuamini hivyohivyo. Andika."

Wakaenda kwa mama. Mama akawasikiliza, akajifunga khanga, akatoka. Alikwenda kwa mashemeji zake kuwaambia mwenyewe, wasije wakasikia kwa watu. Aliporudi, macho yalikuwa yamevimba.

"Andika," akasema. "Na Mbonea umtaje kwa jina. Hajatajwa tangu tumzike."

Nakundwa akaandika, akamtaja. Akamalizia hivi: "Nataka siku nikimwambia mgonjwa yatapungua, niwe najua ninalosema." Mwalimu akasoma, safari hii akasema, "Peleka." Chuo kikampokea.

Ikafika siku ya wanafunzi wapya kuvishwa makoti meupe. Kila mmoja huvishwa na mtu mmoja tu, aliyemfikisha pale. Kwa Nakundwa walikuja watatu.

Mwalimu akasema, "Ningekusahihishia lile andiko la kwanza, ungebaki na maneno ya watu. Nilikubali unichukie mpaka upate yako."

Sifueli akasema, "Maumivu yalikuwa yangu, dada. Sasa yanasomwa na watu nisiowajua, nami nimeridhia."

Kisha mama akasema, "Shemeji zangu hawanisalimu mpaka leo. Lakini nimemsikia mwanangu akitajwa."

Jina la Nakundwa likaitwa. Akasimama, koti mkononi, akiwatazama wote watatu, na machozi yakimtoka.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, Nakundwa bado amesimama pale. Angekuwa binti yenu, mngemwambia amkabidhi nani lile koti?