Gego la Mama

Ndugu zangu, kaeni vizuri, na anayesinzia jirani yake amguse. Habari hii nimeitunga mwenyewe, kwa hiyo msijisumbue kumtafuta mhusika mtaa huu wala ule. Lakini nawaambia ukweli, tangu nilipoitunga imeninyima raha.

Palikuwa na binti mmoja, yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea udaktari wa meno. Nyumbani kwao walianza kumwita Daktari siku ile ile barua ya chuo ilipofika, hata koleo hajawahi kulishika. Mama yake akipita sokoni anaitwa Mama Daktari, na anaitika. Mnaujua huo mzigo? Mtoto hajafanya mtihani hata mmoja, tayari ana cheo cha kumwangukia.

Chuoni kwao kulikuwa na utaratibu wao. Mwanafunzi hafaulu kwa kalamu peke yake. Anapewa kitabu cha kazi: meno kadhaa ya kuziba, kadhaa ya kung'oa, kadhaa ya kutengeneza, na kwa kila moja mwalimu aweke sahihi. Na wagonjwa anawatafuta mwenyewe! Asipompata mwenye ugonjwa unaotakiwa, kitabu hakijai. Kitabu kisipojaa, hamalizi chuo, hata kama darasani ndiye wa kwanza.

Binti yetu alikuwa amebakiza jino moja tu, gego la chini, la kung'oa. Na muda uliobaki ulikuwa wiki moja.

Mgonjwa wa kwanza aliahidi kuja, hakutokea. Wa pili alikaa kitini, akaiona sindano ya ganzi, akasema anakwenda msalani mara moja. Hajarudi mpaka leo. Mnacheka? Yeye hakucheka. Wa tatu alinyakuliwa mlangoni na mwanafunzi mwenzake, rafiki yake anayelala naye chumba kimoja, kwa sababu naye alikuwa amebakiza moja. Mwalimu akamsema mbele ya wagonjwa wote: "Wewe binti, wenzako wanamaliza, wewe unazurura?"

Basi chakula kikawa hakipiti. Anasoma ukurasa mmoja mara nne na hajui amesoma nini. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, na kwa daktari wa meno huo ndio mkono wenyewe wa kazi. Siku moja mchana akajifungia bafuni, akampigia mama yake simu huku analia. Alisema mengi. Mama katika yote hayo akalishika moja tu, kwamba mtoto amekosa mgonjwa.

"Jikaze, mwanangu. Usituangushe," mama akasema. "Mgonjwa nitakuletea mimi."

Kesho yake asubuhi mgonjwa akafika kliniki ya chuo. Nani? Mama mwenyewe! Kitenge kipya, kilemba kimefungwa vizuri, kiganja kiko shavuni.

"Mama! Mgonjwa ndiye wewe?"

"Hili la nyuma linaniua, Daktari. Wiki ya tatu hii silali."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, nawe una mitihani? Ng'oa tu, mwanangu, nipumue."

Sasa nisikilizeni vizuri. Binti huyu hakuwa mzembe. Siku nyingine yoyote angepima kwa utulivu, angemwuliza maswali kumi, angempeleka mama kupigwa picha ya eksirei. Siku ile aligonga jino mara moja, mama akaruka kitini kama aliyeungua. Binti akatafuta tundu, hakuliona. Akajiambia litakuwa limejificha chini ya fizi. Kwenye picha kulikuwa na foleni ndefu, na mwalimu alikuwa anaondoka saa sita. Mtu aliyebanwa hivyo anaona kile anachohitaji kukiona. Nyinyi hamjawahi?

Sheria ya pale ilisema mwalimu alione jino kwanza kwa macho yake. Lakini mwalimu asubuhi ile alikuwa na wanafunzi kumi na wanane wa kuwasimamia, naye yuko kiti cha nne kutoka pale, ameinamia mtu mwingine.

"Umepima?" akauliza bila kugeuka.

"Nimepima, mwalimu."

"Una uhakika?"

"Ninao."

"Haya, endelea."

Ganzi ikachomwa. Koleo likaingia. Na jino likagoma! Binti akavuta, akasukuma kushoto, akasukuma kulia, jasho linamtiririka mpaka ndani ya barakoa. Moyoni kitu kikamwambia simama, jino hili lina nguvu mno kuwa bovu. Hakusimama. Na mama, machozi yanamtoka, akainua mkono pale kitini akamwonyesha kidole gumba. Endelea, mwanangu. Mwishowe likatoka, likaanguka kwenye trei, na kila mtu chumbani akalisikia.

Mwalimu akaja na kalamu yake ya kutia sahihi. Akaliokota jino, akalisafisha damu, akaligeuza chini ya taa. Jeupe. Halina tundu, halina hata doa. Mizizi miwili mirefu, mizima kabisa.

"Binti," akasema polepole, "jino hili lilikuwa linaumwa nini?"

Aliyejibu ni mama, mdomo umejaa pamba.

"Halikuwa linaumwa, mwalimu. Nilichagua la nyuma ili lisionekane nikicheka. Wewe mtilie mtoto sahihi tu."

Jamani! Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, ameng'olewa jino zima na mtoto aliyemzaa mwenyewe! Mwalimu alibaki ameishika kalamu hewani. Wanafunzi wengine waliacha wagonjwa wao wamekaa vinywa wazi, wakamgeukia yule mama. Hata mimi nilipofika hapa nilidhani habari imekwisha. Nilidhani nitawaambia, tazameni upendo wa mama, kisha tuimbe. Sivyo.

Maana binti hakumkumbatia mama yake. Alivua glavu, akaziweka juu ya trei, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, nilipokupigia simu sikukuomba jino. Nilikuomba siku tatu. Nilikuambia silali, naiogopa mikono yangu mwenyewe, nije nyumbani nilale siku tatu, kitabu nitakimalizia muhula ujao. Ukaniambia watu watasema nini. Siku tatu zilikushinda, mama? Ukaona afadhali kutoa jino?"

Mama akafungua kinywa ajibu. Ilitoka damu tu.

Sahihi haikutiwa siku ile.

Ndugu zangu, msikimbilie kumlaumu yule mama. Yule mama ni sisi. Tunawapenda watoto wetu, nani atabisha? Tunafunga kwa ajili yao, tunakesha, tunauza ng'ombe. Tuko tayari kutoa kiungo cha mwili. Kitu kimoja tu hatuko tayari kukitoa: kumsikia mtoto akisema "nimeshindwa kwa sasa" bila sisi kuona aibu. Akisema amechoka, tunamjibu, mbona wenzako wanaweza? Na nyinyi walimu mliomo humu, msijifiche nyuma ya wazazi. Mmoja wenu alikuwa kiti cha nne tu kutoka pale, na hakugeuka.

Mnadhani msongo wa mawazo ni kulialia kwa watoto wa siku hizi? Umemchukua mtoto mwema, mwenye akili, mwenye kumpenda mama yake, ukamtia koleo mkononi, akamjeruhi mama huyo huyo na asijue anachokifanya! Nami nawauliza, asingekuwa mama, angekuwa nani? Na mimi nikienda kutibiwa, natibiwa na mkono uliolala au mkono unaotetemeka?

Kwa hiyo leo, kabla hujapakua chakula, mpigie mtoto wako. Matokeo usiyaulize. Mwulize kama amelala, kama amekula. Akianza kusema, mwache amalize, hata kama unachokisikia kinakuchoma. Na akisema anataka kurudi nyumbani kidogo, mwambie njoo. Njoo, neno moja tu.

Utaniambia, mchungaji, watu watasema. Ni kweli watasema. Watamwuliza mbona umerudi, watamwita Daktari kwa kejeli, watanong'ona akipita. Lakini watu hao ni akina nani? Watatoka wapi? Tutazamane usoni, ndugu zangu. Watu hao wote wako humu ndani, na mmoja wao amesimama hapa mbele anahubiri.