Fundi Aliyechekesha Watu Elfu Mbili

Ndugu zangu, kabla sijafika kwenye neno langu la leo, nipeni nafasi niwasimulie habari za fundi mmoja wa cherehani. Tumwite Yoramu. Alikaa kwenye mji mdogo wa milimani, huko kunakolimwa chai, ambako ukungu hushuka alasiri na kuingia mpaka dukani kama mteja asiye na haraka. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Simu yake aliiegemeza kwenye cherehani, hapo mbele ya macho, na mguu ukikanyaga, jicho lilikuwa linasoma.

Alichopenda kusoma ni habari za sayansi na mitambo. Tuseme ukweli, hakuzisoma. Alisoma kichwa cha habari, akatabasamu, kisha akaandika maoni yake chini. Na alikuwa na kipaji, simnyimi haki yake. Gazeti liliandika kwamba imegunduliwa sayari yenye maji. Yoramu akaandika: "Tumeni mtu na ndoo, bomba la mtaa wetu limekauka tangu Pasaka." Likaandika kwamba kuna roboti anayepika wali. Akaandika: "Na ukoko atamwachia nani?" Siku nyingine wakasema kuna saa isiyopoteza hata sekunde moja kwa miaka milioni. Yoramu akasema waifunge kanisani, na wanakwaya bado watachelewa.

Naona mmecheka. Hata mimi nilicheka, na kwaya yangu naijua. Kucheka si dhambi, kwa hiyo msianze kujikaza.

Basi watu wakamzoea. Kila habari ikitoka waliuliza, "Fundi ameshapita hapa?" Walimngojea kama wanavyongojea chumvi mezani. Na yeye akishona kola na mifuko, alikuwa anakwenda mbali, kwenye nyota, kwenye vilindi vya bahari, kwenye maabara za watu wenye makoti meupe. Huko kote alipita akicheka, na jioni akarudi nyumbani akiwa hajachoka.

Nyumbani alikuwa na mke. Binti yao mkubwa aliitwa Twilumba, na tayari alikuwa ameolewa, kwa hiyo mke aliitwa Mama Twilumba hata na mume wake. Mama huyu alichuma chai. Alikuwa mnene kidogo, mpole, mtu wa kucheka taratibu. Lakini kwa mwaka mzima kulikuwa na kitu kinamwandama. Alisinzia. Alisinzia akimenya viazi. Alisinzia kanisani katikati ya wimbo, kitabu mkononi, mdomo bado umeshika herufi. Siku moja alisinzia amesimama, kikapu mgongoni, kwenye foleni ya kupima majani, na waliokuwa nyuma yake wakampita polepole bila kumgusa, wakidhani anasali.

Na kila aliposinzia aliota ndoto ileile. Ukungu mweupe unaingia nyumbani. Hauna baridi, hauna harufu, ni mwororo kama maziwa. Unapanda hadi magotini, unapanda hadi kifuani, na yeye haogopi. Unafika mdomoni. Hapo anasikia kama mtu anamwita kwa jina lake la utotoni, jina ambalo hakuna aliyelitumia tangu mama yake afariki, na anataka kuitika, lakini ukungu umeshajaa kinywani. Ndipo anashtuka. Akiamka moyo unamwenda mbio, na kichwa kinamgonga mpaka saa sita mchana.

Ndoto hiyo alimsimulia wifi yake, Tumsifu, dada yake Yoramu. Mume hakumsimulia. Kwa nini hakumsimulia mume? Akina mama hapa mnalijua jibu. Alihofu kwamba kesho yake ataikuta ndoto yake sokoni, watu wanaicheka.

Sasa sikilizeni. Siku moja ilitoka habari. Kichwa chake kilisema: "Watafiti wabuni kifaa kinachosikiliza usingizi." Yoramu alipoiona alisimamisha cherehani kabisa. Hii ilikuwa yake. Akaandika:

"Wasihangaike na kifaa. Mama Twilumba wangu akilala ananguruma kama greda la barabarani. Likifika kwenye mlima linazima. Kimya. Unahesabu, unahesabu, unasema leo limekufa. Halafu linawaka tena kwa kishindo, na dereva ametoa macho. Waje na spea."

Watu elfu mbili waliweka alama ya kicheko. Kwa mji ule, elfu mbili ni watu wote na wageni wao.

Lakini chini ya maoni yale mtu mmoja hakucheka. Alijitambulisha kuwa Daktari Salvina, mmoja wa wale waliobuni kile kifaa. Akauliza, "Ndugu, hapo greda linapozima, unahesabu mpaka ngapi?"

Yoramu akajibu, "Inategemea mzigo, daktari."

Vicheko vikaongezeka. Daktari akaandika tena, "Sitanii. Na mchana anasinzia?"

Yoramu akajibu, "Mchana linapaki popote."

Mara ya tatu daktari aliandika hivi: "Kliniki yetu ni kila Jumatano, na namba yangu ni hii. Mwambie yeye mwenyewe, tafadhali." Watu wakaicheka hata ile namba. Mmoja akasema daktari anatafuta greda la kukodi. Yoramu naye akacheka, akakanyaga cherehani, akaendelea na shughuli zake.

Je, alimwambia mkewe? Hakumwambia. Si kwamba alimchukia. Nataka mnielewe hapo. Alimpenda. Alimnunulia viatu vya mvua kabla ya kujinunulia vyake. Ila kwake maneno yale yalikuwa yameshamaliza kazi. Yalichekesha, basi.

Wiki ileile, kwenye kituo cha kupimia majani, Mama Twilumba alipofika kwenye mizani kijana mmoja akatoa sauti kama injini inayopanda mlima. Wenzake wakaangua kicheko. Mama naye akacheka kidogo, kwa sababu hakujua kinachochekwa, na mtu ukiwa peke yako usiyejua unacheka ili usiwe peke yako. Jioni, akiwa bado na kikapu mgongoni, alipita kwa Tumsifu.

"Wifi, watu wananiita greda. Kuna nini?"

Tumsifu alikuwa ameshaona, naye alikuwa ameona aibu kumwambia. Akatoa simu, akamsomea. Alisoma polepole, akiruka matani, na Mama Twilumba akamwambia asiruke. Akasoma yote. Kisha akafika kwenye maneno ya daktari.

"Huyu mwanamke anauliza kama mchana unasinzia."

Mama Twilumba akanyanyua uso. "Amejuaje?"

"Sijui."

"Anauliza nini kingine?"

"Anauliza ukinyamaza unakaa kimya muda gani."

Mama Twilumba alikaa akitazama nje, ambako ukungu ulikuwa umefunika vichaka vya chai hadi kikabaki kipande kimoja tu cha kijani, karibu na dirisha. Alikaa muda mrefu, na Tumsifu akadhani amesinzia tena. Hakuwa amesinzia. Akasema, "Niandikie hiyo namba kwenye karatasi. Na usimwambie kaka yako. Akijua ataandika."

Ndugu zangu, lifikirieni neno hilo. Mke anaumwa, na kitu anachokiogopa kuliko ugonjwa ni kwamba mume wake ataandika.

Jumatano alfajiri alimwambia Yoramu anakwenda kumsaidia Tumsifu kuvuna maharage, na atalala hukohuko. Akapanda basi, safari ya saa tatu, mpaka hospitali ya rufaa. Alisinzia njia nzima kichwa kikiwa kwenye kioo. Daktari Salvina alimpokea, akamlaza, akambandika kifaa kidogo kama kifungo cha shati, hapa chini ya koo, akamwambia, "Lala tu, mama. Leo sisi ndio tutakuwa macho."

Alhamisi simu ya Yoramu ikaita akiwa anashona kaptula. Sauti ya mwanamke ikamwambia, "Mke wako yuko kwetu. Njoo."

Alifika na vumbi la chaki bado liko kwenye vidole. Daktari akamkalisha, akamfunulia karatasi ndefu yenye mistari inayopanda na kushuka kama vilima vya kwao.

"Huku anavuta pumzi," akasema. "Hapa ameacha. Hapa ameacha tena. Koo linajifunga akilala. Kwa saa moja tulihesabu mara arobaini. Mara moja alikaa sekunde sabini."

Yoramu akautazama ule mstari mahali uliponyooka.

"Moyo wake umechoka, kwa sababu kila usiku umekuwa ukipambana peke yake," daktari akaendelea. "Lakini amewahi. Kuna barakoa atakayolala nayo, inayomsukumia hewa, na kuna dawa. Angekaa miezi mingine kadhaa, leo ningekuwa nakwambia maneno mengine."

Yoramu akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilidhani ni kukoroma tu, daktari."

Daktari Salvina akaikunja ile karatasi. "Ulidhani nini sijui, lakini uliandika kila kitu. Kunguruma, kuzima, kushtuka, kutoa macho, kusinzia mchana. Nina wanafunzi wa udaktari ambao hawajaweza kuueleza ugonjwa huu vizuri hivyo. Maoni yalikuwa zaidi ya mia tatu chini ya ile habari, na niliyasoma yote. Mgonjwa niliyempata humo ni mmoja."

Mko pamoja nami? Yule bwana alikuwa ameona. Hamwezi kusema hakuona. Aliona kuliko daktari, aliona kwa miezi, alihesabu, alisema moyoni "leo limekufa". Na alipoona, akatafuta maneno mazuri ya kulipamba lile alilokuwa ameliona, akawapa watu elfu mbili. Aliyehusika hakumpa.

Akaingia wodini. Mama Twilumba alikuwa ameketi kitandani, barakoa imening'inia shingoni, na uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa uso wa mtu aliyelala. Mume hakuwa ameuona uso huo kwa muda mrefu sana hata akausahau.

"Mama Twilumba," akasema, "nisamehe."

Mke akamtazama kwa upole. Nawaambia ukweli, angemfokea ingekuwa nafuu.

"Baba Twilumba," akasema, "yule daktari hanijui. Hajawahi kuniona. Alisoma maneno yako akaniogopea. Wewe uliyaandika, nami nimelala pembeni yako."

Akavaa barakoa yake, akajilaza, akafumba macho. Na Yoramu akakaa kwenye kile kiti cha chuma, mchana ule, akisikiliza hewa inaingia na kutoka, inaingia na kutoka, bila kukatika. Wauguzi waliopita wanasema hakugusa simu.

Waliporudi nyumbani aliitafuta ile habari ya zamani. Safari hii aliisoma mpaka mwisho, nusu saa nzima. Kulikuwa na aya iliyoeleza dalili zote, na aya iliyosema wahitaji waje bila kuogopa. Vyote vilikuwepo tangu siku ya kwanza, chini kidogo tu ya mahali alipoacha kusoma. Kisha akaenda kwenye lile swali la daktari, la greda likizima unahesabu mpaka ngapi, akalijibu. Aliandika maneno mawili tu: "Sekunde sabini."

Mnajua kilichofuata? Wakacheka. Mia nane waliweka alama ya kicheko. Mmoja akaandika, "Fundi umerudi, tulikumiss." Akayasoma maoni moja moja mpaka mwisho, na hakupata hata mtu mmoja wa kumwuliza ana maana gani.

Sasa, kuna mtu hapa anasema moyoni mwake: lakini mchungaji, utani wake si ndio uliomwokoa mke? Nilijua mtafika huko. Hapana, ndugu yangu. Utani ulipita kwa watu elfu mbili na haukumwokoa mtu. Aliyemwokoa ni yule mmoja aliyeusoma akauliza swali. Na Mungu ni mwema, hata upuuzi wetu anaweza kuupitishia msaada, lakini usiende kumdai sifa kwa upuuzi wako.

Sisi tuna macho. Tunaona. Nani hapa hajui ni mtoto gani nyumbani kwake amekuwa mkimya siku hizi? Nani hajamwona jirani aliyekonda, akamtungia jina? Tumemwona baba anayesahau njia ya kurudi kwake, tumepata kisa cha kusimulia msibani, watu wamecheka mpaka machozi. Tulipomaliza kusimulia, nani alikwenda kwake? Tunazijua dalili zote za wale tunaolala nao chumba kimoja, na tunazieleza vizuri ajabu kwa watu wasiohusika.

Sikuja kuwaambia mtupe simu. Habari za sayansi someni, na mkicheka chekeni. Nawaomba mmalize kusoma. Na mtu wa nyumbani kwako naye msome mpaka chini.

Kwaya isubiri kidogo. Leo sitawaombea kwa maneno. Naomba tunyamaze wote, dakika moja tu, na kila mmoja asikilize pumzi ya mtu aliyekaa pembeni yake. Usimtazame. Msikilize tu. Na ukisikia inakwama mahali, usitoke humu ndani kabla hujamwuliza.