Nani Aliyeiuza Sabuni ya Chiriku?

Aliyenisimulia jambo hili mara ya kwanza ni wifi yangu Semeni, jioni moja tulipokuwa tunachambua mchele. Yeye hupanga sabuni kwenye maboksi katika kiwanda kikubwa cha upande wa pili wa mji wetu, na siku hiyo alirudi amechoka hadi akawa anaongea amefumba macho. Nami nawapa ninyi kama nilivyopewa. Sogeeni karibu, maana mwisho wake nitahitaji msaada wenu.

Katika kiwanda hicho walikuwepo vibarua watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Zaituni, binti mwenye kipaji cha kuchekesha. Mpe simu tu, atakutolea kichekesho utakachomwonyesha jirani kabla wewe mwenyewe hujakimaliza.

Wa pili ni Mkude, mwenye kipaji cha mikono. Chuma kigumu akikishika yeye kinakubali umbo lolote, kama unga uliokandwa.

Wa tatu ni Mama Kobelo, mwenye kipaji cha kufua. Ovaroli la fundi magari, ambalo mke wa fundi ameshalikatia tamaa, yeye hulirudisha kwenye rangi yake huku anapiga soga.

Kiwanda kilikuwa kimetoa sabuni mpya ya mche, jina lake Chiriku, yenye picha ya ndege. Ilikuwa sabuni nzuri, lakini haikutoka. Maboksi yalipangwa hadi yakaziba dirisha, wakawa wanawasha taa mchana. Meneja wao, Bwana Ulomi, akaambiwa na wakubwa wake kwamba sabuni isipouzika, mashine ya Chiriku itazimwa na vibarua wote watarudi nyumbani.

Ndipo Zaituni akatengeneza kichekesho. Mama mkwe anaingia kwa mwanawe bila hodi, ananusa mashati kwenye kamba, moja baada ya jingine, akitafuta kosa la mkwe wake. Hapati. Mwisho anafungua kitenge chake cha juu, anakitupa kwenye beseni lenye povu la Chiriku na kusema, "Basi na hiki, nione!" Kikasambaa kwenye makundi ya simu: la kikoba, la kwaya, la wazazi wa shule. Simu yangu ni ya vitufe, lakini hata mimi nilikiona kwa jirani. Watoto mtaani wakawa wananusiana mashati. Kila mtu alicheka, na maboksi yakabaki palepale.

"Zaituni," Bwana Ulomi akamwambia, "nchi nzima inacheka, dirisha langu bado limezibwa. Kampuni kubwa hivi, sisi tunauza sabuni au tunauza vicheko?"



Mkude naye akamtuma mkewe dukani kununua Chiriku. Mnajua sabuni ya mche hainunuliwi nzima na watu kama sisi. Muuza duka huukata mche, ukaondoka na kipande chako. Sasa jina na ndege vilikuwa vimegongwa katikati ya mche, mara moja tu, kwa hiyo kipande cha pembeni hakikuwa na kitu. Muuza duka akamkatia yule mama kipande cha sabuni nyingine ya rangi ileile, akamwambia, "Ndiyo hiyohiyo, shemeji." Mkude alipokishika akajua hakikutoka kwenye mashine yake. Akamweleza meneja, akapewa ruhusa, akachonga upya kalibu ya kugongea jina na ndege, vijirudie mche mzima. Tangu hapo hata kipande cha mwisho kina ndege wake.

Waliokuwa wanaiulizia Chiriku sasa wakaipata Chiriku. Lakini walikuwa wachache, na wengi walinunua kipande kidogo mara moja, wakarudia sabuni zao za zamani. Walisema, "Hayo ni mambo ya kwenye simu. Kwenye simu hata tope linang'aa."

Ndipo Mama Kobelo akachukua beseni na kwenda kwenye mabomba ya mitaani. Bomba la kwanza alifukuzwa.

"Mama, tumeshatapeliwa na wenye sabuni kama wewe. Pita zako!"

Bomba la pili akatangulia kusema, "Mimi natoka kwa yule mama mkwe anayenusa mashati." Wakacheka, wakampisha. Mmoja akamletea suruali ya mumewe anayechoma mkaa, kwa kumkomoa. Mama Kobelo akaifua huku anawauliza habari za wakwe zao. Ilipotundikwa, mwenye suruali akauliza, "Hii ni ya mume wangu kweli?" Wenzake wakamjibu, "Muulize amevaa nini!" Siku hiyo wakaenda dukani, na muuza duka hakuweza kuwadanganya, kwa sababu walikuwa wanamtafuta ndege.

Akaendelea hivyo bomba baada ya bomba, hadi maboksi yakaondoka. Mwanga ukaingia dirishani, na mashine haikuzimwa.

Sasa sikilizeni shida ilipo. Wakubwa walileta shukrani, lakini walileta nafasi moja tu ya ajira ya kudumu kwa aliyeiuza Chiriku. Vibarua wengine mkataba wao unakwisha mwezi huu, na hautaongezwa. Bwana Ulomi akawaita wote watatu ofisini. Semeni alikuwa amepeleka boksi, akabaki mlangoni.

"Mama yangu, usinielewe vibaya," Zaituni alianza. "Ukifua kutwa nzima, wanakuona watu wa bomba moja. Kazi yangu iliingia nyumba zote."

"Iliingia, mwanangu, ikatoka bila kuuza," Mama Kobelo akajibu. "Sikukatai. Lakini walicheka tu."

"Na walipotaka kununua wakapewa sabuni ya mtu mwingine," Mkude akasema. "Bila ndege wangu, ninyi wawili mlikuwa mnamfanyia kazi jirani."

"Ndege hafui, Mkude."

"Wewe nawe bila kichekesho cha huyu binti ulifukuzwa bombani. Au nadanganya?"

Mama Kobelo akacheka kidogo. "Hudanganyi."

Semeni anasema hakuna aliyepandisha sauti. Walibishana kama watu wanaobeba mzigo mmoja, kila mmoja akitamani mwenzake aseme, "Tuutue." Zaituni alikuwa ameegemeza kichwa ukutani. Mkude alikuwa anakandamiza mgongo wake. Mama Kobelo aliificha mikono ndani ya khanga, kwa kuwa ilikuwa imechubuka.

Bwana Ulomi akashika kichwa. "Nikisema matangazo ya simu hayana kazi, nitakuwa mwongo. Nikisema ndiyo yaliyouza, nitakuwa mwongo pia. Basi waulizwe wanunuzi." Akaagiza mtu apite mabombani kesho yake, amuulize kila mama swali moja: ni kitu gani kilichokufanya ununue Chiriku? Ataje kimoja tu. Kitakachotajwa zaidi, mwenye nacho ataajiriwa.

Semeni aliponiambia hayo akaweka ungo chini. "Na bomba letu limo. Wewe utamtaja nani?"

"Sijui, wifi."

"Wewe naye! Kila kitu hujui. Si unaitumia?"

Ninaitumia, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nilikumbuka siku niliyonunua kipande changu cha kwanza. Nilisimama pale bombani kwetu, maana lile bomba la pili ni letu, kwa sababu nilisikia wanamtaja mama mkwe wa kwenye simu, nikataka kucheka, maana nilikuwa sijacheka tangu mtoto aanze kuharisha. Nikakaa kwa sababu niliiona ile suruali ya mchoma mkaa inarudi kuwa suruali. Na dukani, mimi ambaye siwezi kubishana na muuza duka, nilinyoosha kidole tu kwa ndege, nikapewa nilichokitaka. Ningekosa kimoja kati ya hivyo vitatu, ningerudi nyumbani mikono mitupu.

Asubuhi yake nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda bombani na ndoo yangu. Yule mtu wa kiwandani alikuwa ameshafika, dada mpole mwenye miwani, anawauliza akina mama mmoja mmoja. Wa kwanza akajibu haraka, kichekesho. Aliyemfuata akasema, ndege. Wa tatu akasema, yule mama wa beseni, Mungu ambariki. Kisha dada akanigeukia mimi.

"Na wewe, mama mtoto? Kimoja tu."

Nikamwomba aendelee na wa nyuma yangu. Nikainua ndoo yangu tupu, nikaenda kusimama mwisho wa foleni, na foleni ikawa inasogea.

Nanyi mnaonisikiliza, mmewaona wote watatu kama nilivyowaona mimi. Zamu ingekuwa yako, dada anakungoja na neno lako moja linampa mtu kazi, je, wewe ungeamua vipi?