Mikono ya Gwakisa

“Fundi huiona kazi yake mikono ikiwa nyuma.” Ndivyo mlivyoambiwa leo kwenye maabara ya kompyuta, mkacheka, mkadhani mnaamriwa kusimama kama askari. Sasa mmenijia kuuliza ni methali ya wapi, maana hata babu zenu hawaijui. Wataijuaje? Ninyi mnadhani methali zote zilizaliwa kabla ya umeme, lakini hii ilizaliwa mimi nikiwa bado nafundisha hapa chuoni, na chanzo chake ni hiki.

Miaka hiyo chuo kilikuwa na makubaliano na kampuni ya maziwa ya Lwifa, huko milimani Rungwe. Kampuni iliwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho kazi ya kweli, inayotegemewa na watu wa kweli, nao wakaitengenezea programu. Mimi niliupenda sana mpango ule. Darasani ukikosea unapata alama ndogo na maisha yanaendelea. Kule ukikosea kuna mtu anaumia, na mtu huyo ana jina.

Mwaka huo kazi ilihusu vituo vya kukusanyia maziwa. Wafugaji walileta maziwa asubuhi, mpokeaji akayapima na kuandika kwa kalamu, kisha gari likayabeba kwenda kiwandani. Kampuni ilitaka mpokeaji aingize lita kwenye simu, na kiwanda kipate habari papo hapo. Wakapewa kazi hiyo vijana wawili, Gwakisa na Atupele.

Gwakisa alikuwa mwepesi wa akili, na mikono yake haikuisubiri hiyo akili. Tena alilelewa vizuri, na shida ilianzia hapo. Kwetu kijana hakai akimtazama mzazi anahangaika. Mama akija na mzigo, unampokea kabla hajakuomba. Gwakisa alipokea mizigo ya kila mtu. Siku moja nilimwona akimpokea ndoo mama aliyekuwa amesimama tu kufunga kanga yake, na yule mama akabaki anashangaa ndoo inaelekea wapi.

Programu ilipokamilika, Gwakisa alikwenda kuijaribu katika kituo cha Mama Tupokigwe. Atupele hakwenda, alibaki chuoni akirekebisha sehemu ya programu itakayotumika kiwandani. Mama Tupokigwe alikuwa mjane, mpokeaji wa maziwa wa siku nyingi, na kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu zake. Gwakisa akakaa ubavuni pake. Mama alipositasita, kijana alisema, “Hapa, mama,” na kidole kikapita kwenye kioo cha simu. Mama akaendelea. Wakafanya hivyo asubuhi nzima, wakicheka, na mambo yakawa laini kama siagi. Gwakisa akairipotia kampuni kwamba programu iko tayari na mama anaiweza peke yake. Hakudanganya kwa kukusudia. Aliamini hivyo, na mama naye aliamini hivyo.

Siku ya kuanza kazi, mama alikuwa peke yake. Amri ya kampuni ilikuwa moja: gari lisipakie maziwa ambayo habari zake hazijafika kiwandani. Mama akachagua jina la mfugaji wa kwanza, akaingiza lita, kisha akakwama. Akafuta, akaanza upya, akakwama palepale. Foleni ikarefuka. Jua la mchana likayakuta madumu bado uwanjani, na maziwa yakaanza kuchacha. Wafugaji wakarudi nayo nyumbani wakinung’unika, na gari likaondoka tupu.

Kesho yake meneja wa Lwifa, Bwana Mwasomola, akatuita kituoni. Nilikwenda na vijana wangu wote wawili. Meneja hakuwa mtu wa kelele. Alimgeukia mama, akazungumza naye kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonitia hofu.

“Mama, kijana hapa ametuambia uliweza.”

“Niliweza, mwanangu.”

“Na jana?”

“Jana sikuweza.” Mama Tupokigwe alitazama chini. “Sijui kichwa changu kimepatwa na nini. Labda ni uzee.”

Meneja akamwomba ajaribu tena. Gwakisa akasogea ubavuni pake, kama desturi yake, na mama akamaliza bila shida yoyote. Meneja akashusha pumzi.

“Basi programu ni nzima,” alisema. “Mama, umetufanyia kazi kwa uaminifu, lakini siwezi kumweka kijana wa chuo kila asubuhi awe anasimama karibu nawe. Mwisho wa mwezi tutaleta mpokeaji mwingine.”

Mama alianza kukunja kitambaa alichofutia mizani, akakikunja vizuri, pembe kwa pembe. Niliumia kumtazama.

Hapo Atupele akamgusa mwenzake begani. “Gwakisa, weka mikono nyuma.”

“Kwa nini?”

“Weka tu. Mama, samahani, tunaomba ujaribu mara moja ya mwisho.”

Gwakisa akaweka mikono nyuma. Mama akachagua jina. Akaingiza lita. Akasimama. Akaitazama simu, akamtazama Gwakisa, akairudia simu. Niliona mabega ya kijana yakiruka. Mkono mmoja ulitaka kuja mbele na mwingine ukaushika kifundo, ukauzuia. Jasho lilimtoka, na kwa mtu wa malezi yake nadhani kujizuia huko kulikuwa kugumu kuliko mtihani wowote niliowahi kumpa.

“Hapa,” mama akasema polepole, “ndipo mkono wako huwa unakuja.”

Gwakisa akainama kutazama, na safari hii akaona. Kitufe cha kutuma kilikuwa chini kabisa, nje ya kioo, na ili ukione ilibidi uusukume ukurasa kwa kidole. Hapakuwa na maandishi wala alama ya kumwambia mtu kwamba chini kuna kitu. Kidole cha Gwakisa kilikuwa kimeusukuma ukurasa kila mara, bila yeye mwenyewe kujua. Atupele naye alikuwa ameujua ukurasa ule tangu ulipotengenezwa, akausukuma vilevile kila alipoufungua.

Gwakisa angeweza kumwonyesha mama kitufe tu na kunyamaza, na lawama ingebaki kwa mama. Lakini alimgeukia meneja.

“Bwana meneja, mama hajawahi kupita hapa. Siku ile niliyeweza ni mimi. Nilijijaribu mwenyewe nikaandika jina lake. Uzee hauhusiki, kosa ni langu.”

Meneja akaichukua simu, akajaribu mwenyewe bila msaada, akakwama palepale alipokwama mama. Akairudisha simu mezani.

“Mama, utaendelea na kalamu yako,” alisema, “mpaka hawa wamalize walichodai wamekimaliza. Kituo ni chako.”

Mama Tupokigwe akakaa kwenye kiti chake, akafunika uso kwa upande wa kanga, akalia kidogo, kisha akamwuliza Atupele kama tumekunywa chai.

Vijana walirudi chuoni, wakaupandisha kitufe mahali pa kuonekana, wakarudi kituoni. Asubuhi ile foleni ilikuwa imeshajipanga na wafugaji walikuwa na wasiwasi. Mama akachagua jina, akaingiza lita, akakiona kitufe, akakibonyeza. Kiwanda kikajibu kwamba kimepokea. Akainua macho, akamwona Gwakisa amesimama mbali, karibu na madumu.

“Leo mikono yako iko wapi?”

“Iko nyuma, mama.”

“Iache hukohuko,” akasema, akamwita mfugaji wa pili.

Gwakisa alipowasilisha kazi yake mbele ya darasa, wenzake walitegemea aeleze mambo makubwa ya kompyuta. Alisema sentensi moja, akawasimulia habari ya Mama Tupokigwe, akakaa. Sentensi hiyo ikatoka darasani ikaenda kwenye karakana, sasa hata seremala wa chuo huitumia anapomkabidhi mtu kabati.

Mwezi ujao nanyi mnapelekwa kwenye kampuni. Mtampa mtu kazi yenu aishike, naye atakwama, na ninyi mtaona huruma. Huruma ni nzuri, wazazi wenu waliwalea vyema. Lakini ukimsaidia siku ya majaribio, unamwacha peke yake siku zote nyingine, na akishindwa atadhani mbovu ni yeye. Fundi huiona kazi yake mikono ikiwa nyuma.