Sinia la Wakwe

Palikuwa na tajiri mmoja mjini kwetu, Bwana Ghalib Mselem, ambaye hakupata kununua kitu kwa bei ya kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Alisali kwa wakati, aliwazika maskini kwa sanda aliyoitoa yeye, na hakumfokea mtu. Ila alikuwa na programu ya zabuni kwenye kompyuta yake, na aliipenda.

Programu ilikwenda hivi. Bwana Ghalib akitaka kitu, iwe saruji au mikeka, wauzaji wanampelekea bei kwa simu. Kila mmoja anaiona bei yake tu, ya mwenzake haioni. Kisha simu inamjibu: "Wewe ni wa pili. Boresha bei yako." Hiyo ni raundi ya kwanza. Anapunguza. "Wewe ni wa pili. Boresha bei yako." Hiyo ni ya pili. Raundi zilikwisha pale Bwana Ghalib alipochoka, naye hakuwa mwepesi wa kuchoka.

Alipofika kumwoza binti yake, akatangaza zabuni ya pilau: masinia mia moja ya wageni, na sinia moja la wakwe. Wapishi watatu wakaomba. Mmoja wao ni Bi. Mize, mwenye masufuria manne makubwa, wasaidizi sita, na ulimi ulioiva kabla ya wali.

Raundi ya kwanza alikuwa wa pili. Raundi ya tatu akaitoa faida yake. Wa pili. Raundi ya tano akaitoa kodi ya turubai. Wa pili. Raundi ya saba akautoa ujira wa wale wanawake sita, ikabaki bei ya mchele, nyama, viungo na kuni.

Wa pili.

Asubuhi yake akawakuta wapishi wenzake wawili buchani.

"Hongera, Mzee Faki. Nasikia wa kwanza ni wewe."

"Mimi? Mimi wa pili, dada yangu. Nilidhani ni Kazija."

Bi. Kazija alikuwa anachagua mbavu. "Wa pili," alisema bila kugeuka. "Tangu raundi ya kwanza."

Mwenye bucha akaliweka shoka chini ili asikie vizuri.

Bi. Mize hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa tajiri.

"Shikamoo, Bwana Ghalib."

"Marahaba, Bi. Mize. Umekuja kupunguza?"

"Nimekuja kuuliza. Wa kwanza ni nani?"

"Programu haisemi. Ni siri ya zabuni."

"Hata kwako?"

"Hata kwangu."

"Na nikikwama hapa nilipo?"

"Kazi atachukua wa kwanza."

"Huyo tusiyemjua."

"Huyohuyo."

Bi. Mize akaitazama kompyuta. Kompyuta haikusema kitu.

"Bwana, bei yangu haina tena ujira wa wasaidizi wangu."

"Hao ni wako, Bi. Mize. Mimi nanunua pilau." Akavuta kiti karibu. "Lakini nakuhurumia. Hii raundi ya nane bei yako ya kila sinia naiacha kama ilivyo. Nalifuta tu sinia la wakwe."

"Wakwe hawali?"

"Watakula. Lakini ni mpishi gani anayemaliza shughuli bila ziada? Ziada ipo siku zote. Haiandikwi."

"Kwa hiyo kwenye zabuni halimo."

"Halimo."

"Bonyeza, bwana."

Akabonyeza. Bi. Mize akapata kazi.

Siku ya shughuli yalitoka masinia mia moja kamili, nyama juu, zabibu juu ya nyama. Wageni walikula wakanyamaza, na hiyo ndiyo sifa ya pilau. Sasa, desturi ya kwetu, sinia la wakwe hutoka mwisho, limefunikwa kawa. Baba wa bibi harusi analifunua, anakata tonge la kwanza, ndipo wakwe wanapopeleka mikono. Wakwe wakanawa. Mikono ikakauka. Wakaletewa birika, wakanawa tena.

Bwana Ghalib akaenda jikoni, nyuma ya turubai. Akamkuta Bi. Mize amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, sinia liko mbele yake, kawa juu.

"Bi. Mize, mbona sinia haliji?"

"Halimo kwenye zabuni, bwana. Hii ni ziada yangu. Naiuza."

"Haya, uza. Bei gani?"

"Mimi sitaji. Anayetaka ndiye anayetaja."

Akataja bei ya sinia moja. Bi. Mize akatoa simu, akaitazama kwa adabu.

"Wewe ni wa pili. Boresha bei yako."

"Mara mbili!"

"Raundi ya pili. Wewe ni wa pili."

Upande wa pili wa turubai mtu mzima akakohoa.

"Na ujira wa hawa sita!"

"Umepokelewa. Wa pili."

"Nakupa bei yako ya raundi ya kwanza! Yote, kama ulivyoiandika!"

Wanawake sita wakaacha kusugua masufuria. Turubai likafunuka, akachungulia Mzee Makame, baba wa bwana harusi, mkono wake wa kulia umeinuliwa usiguse kitu.

"Mkwe, kuna neno?"

"Hakuna neno, mkwe. Tunakuja."

Turubai likashuka. Kivuli cha Mzee Makame kikabaki palepale. Bwana Ghalib akainama, akanong'ona:

"Mize, humu jikoni tuko sisi wenyewe na masufuria. Huyo wa kwanza ni nani?"

Bi. Mize akainua kawa kidogo, mvuke ukatoka, akafunika.

"Yuleyule aliyetushinda wapishi watatu raundi zote saba, bwana. Kama unasema hayupo, sema kwa sauti wakwe wakusikie, nami nafunua."